Kitabu cha Majibu Kiko Rafuni

Hotuba kwa wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani, Nakuru

Bwana asifiwe, wazazi wenzangu.

Kamati iliponipigia simu iliniambia, "Mama, utuletee orodha." Orodha ya sifa za Kikristo ambazo mtoto wa nyumbani anapaswa kuwa nazo, na umri wa kuanza kila moja. Nimekuja mikono mitupu. Si kwamba sina orodha. Ninayo, tena ya rangi. Ngoja niwaambie iliishia wapi.

Mwaka wetu wa kwanza nilinunua karatasi ya manila, nikachora miezi 12, kila mwezi na sifa yake. Januari utii, Februari bidii, Machi uvumilivu, Aprili shukrani, hivyo hivyo hadi Desemba, ambayo niliipa ukarimu kwa sababu Desemba wageni hawakosi. Kila sifa ilikuwa na aya yake na nyota za kubandika. Tarehe 2 Aprili, kifunguamimba wangu akampokonya mdogo wake penseli. Nikamwambia, "Mvumilie mwenzako amalize." Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akasema kwa adabu zote, "Mama, uvumilivu uliisha juzi. Sasa ni shukrani."

Baba yao alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka, maana nilimjua aliyemfundisha hivyo.

Paulo anapowaandikia Wagalatia hasemi matunda ya Roho. Anasema "tunda la Roho", moja, kisha ndipo anataja upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Embe lina rangi, lina harufu, lina utamu, lina kokwa, na lote ni embe moja. Hakuna anayekula rangi Januari akangojea utamu Februari. Nilichokuwa nimekitundika ukutani ni ratiba ya kula embe vipande vipande, na mtoto aliielewa ratiba vizuri kuliko mimi.

Na ile aya yetu, ile tunayoiandika kwenye vikombe na fulana za mikutano kama huu: Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kuwafundisha watoto uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo. Tunaipenda kwa sababu inatusifu. Inaonekana kama Musa alikuwa akituandikia sisi tuliotoa watoto shuleni. Lakini kabla ya kuketi na kutembea kuna sentensi tunayoiruka: "Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako." Wako. Bado mtoto hajatajwa.

Sikuja hapa kuwasema walimu wa shule. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya umma, na kwa uvumilivu amenizidi mbali. Fungueni pia mtaala wa umilisi wa taifa letu muone maadili yaliyomo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki na uadilifu. Manane, na sioni hata moja ambalo Mkristo angelikataa. Kwa hiyo anayewasomesha wake nyumbani akidhani kwamba shuleni hakuna anayejali tabia, anajidanganya. Na anayewaweka nyumbani ili wasikutane na dhambi, huyo namhurumia zaidi. Dhambi haikuja kwetu na basi la shule. Tulizaliwa nayo.

Tofauti yetu ni moja tu, nayo inatisha: hatuna kengele. Mwalimu akipandwa na hasira saa nne, kengele inalia, anaenda chumba cha walimu, anakunywa chai, anarudi mtu mwingine. Mimi chumba changu cha walimu ni jikoni, na jikoni kwangu hakuna mlango. Watoto wananiona saa zote. Wanaona ninavyomjibu muuza mboga na ninavyozungumza juu ya mama mkwe nikishakata simu. Hayo yote ni masomo, na wanayafaulu bila mtihani.

Mwaka jana, muhula wa pili, mwanangu wa kati alikuwa na miaka 9. Wale mnaotumia vitabu vya A.C.E., mtaala wa Kikristo ulioanzia Texas, Marekani, mwaka wa 1970, mnaujua utaratibu wake: mtoto akimaliza kazi anainuka, anaenda kwenye meza ya kusahihishia, anajisahihisha mwenyewe kwa kitabu cha majibu. Sisi tunachanganya vitabu vya huku na huku, lakini utaratibu huo niliupenda nikauchukua. Unamfundisha mtoto kujihukumu kwa haki. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu.

Wiki tatu mfululizo kijana hakupata kosa hata moja katika ufahamu. Nikampigia dada yangu simu kujisifu. Kisha Alhamisi moja nikalifungua lile daftari nisome mwenyewe. Swali la nne liliuliza: kama ungekuwa wewe mvulana huyu, ungefanya nini? Kulikuwa na mistari mitatu ya kujaza. Mwanangu alikuwa amejaza mmoja, kwa mwandiko mzuri kuliko wake wa kila siku: "Majibu yatatofautiana." Na pembeni akajiwekea tiki nyekundu.

Nilipandisha. Sitawaficha, nilipandisha mpaka jirani akapunguza redio. Nikachukua Biblia nikamsomea Luka 16:10, tena ndiyo ilikuwa aya yetu ya wiki, "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia," nikaisoma kama karani wa mahakama anayesoma mashtaka. Yeye kimya, machozi yanamlengalenga. Nilipomaliza akaniuliza, wala si kwa jeuri, kama mtu anayetaka tu kujua: "Na ile ya simu?"

Ile ya simu. Jumanne ya wiki hiyo gesi iliisha asubuhi, maharagwe yako mekoni hayajaiva. Nikiwa bado nashangaa, ukaingia ujumbe wa M-Pesa: nimepokea shilingi 850 kutoka kwa jina nisilolijua. Dakika tano baadaye namba ngeni ikapiga. Nikaitazama. Ikapiga tena. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya kitabu cha hesabu, nikaendelea na kugawanya. "Mama, simu." "Iache, tuko darasani." Mara ya tatu hatukusema kitu, mimi wala yeye. Saa saba nikaziongezea zile hela na zangu, mtungi ukaletwa, maharagwe yakaiva, tukaomba, tukashukuru kwa chakula.

Nilikuwa nimejiambia kwamba nitarudisha mwisho wa wiki. Labda ningerudisha. Ila hapo Alhamisi, Biblia mkononi, sikuwa nimerudisha.

Niliketi. Nikamwambia, "Nilikosea. Niliiba." Kulikuwa na "lakini" ndefu ikiningoja mdomoni, ya gesi na maharagwe. Nikaimeza. Tukaitafuta ile namba, tukapiga pamoja, spika imewashwa. Akapokea mama mmoja, nyuma yake kelele za soko. Zile pesa zilikuwa nauli ya bintiye wa kurudi shule, alikosea tarakimu moja, na siku ile ilibidi akope kwa mwenzake wa kibanda cha pili. Nikamwomba radhi, nikazituma na gharama ya kutolea juu. Akasema, "Mungu akubariki, mama, watu kama nyinyi mmebaki wachache." Mwanangu alikuwa akisikia. Hakuna tusi lingeniumiza kama baraka ile.

Sasa twende mbali kidogo, karne tatu nyuma, kwa mama ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina.

Susanna Wesley alizaliwa London mwaka wa 1669, akaolewa na kasisi wa Kianglikana, wakaishi Epworth, mashariki mwa Uingereza. Alizaa watoto 19. Tisa alizika wangali wachanga. Wawili kati ya waliobaki, John na Charles, ndio walioanzisha vuguvugu la Methodist, ambalo wamishonari wake walifika Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka wa 1862. Kwa hiyo wale Wamethodisti waliomo humu ndani, huyu ni nyanya yenu kwa njia moja au nyingine. Watoto wake aliwafundisha mwenyewe, nyumbani, saa tatu asubuhi hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja. Mtoto akitimiza miaka mitano alipewa siku moja ya kujifunza herufi zote, halafu akaanza kusoma Mwanzo sura ya kwanza. Mama wa watoto wengi, na mume ambaye mwaka wa 1705 alifungwa jela kwa madeni. Nasi tunalalamika intaneti ikikatika.

Februari 1709 nyumba yao iliungua yote. John, wa miaka 5, alitolewa kupitia dirishani. Wakati nyumba ikijengwa upya watoto walitawanywa kwa watu, na waliporudi mama yao hakuwatambua kwa tabia. Ilibidi aanze upya. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1732, John alimwomba amwandikie jinsi alivyowalea, naye akamjibu kwa barua ndefu yenye kanuni zake. Ya kwanza katika kanuni hizo haizungumzii utii wala sala. Inazungumzia uongo. Susanna alikuwa amegundua kwamba watoto husema uongo kwa sababu ya kuogopa adhabu, basi akaweka sheria: mtoto aliyekosa, akiungama mwenyewe kwa moyo mweupe na kuahidi kujirekebisha, hachapwi.

Nataka tukae hapo kidogo. Huyu si mama laini. Katika barua hiyo hiyo anaeleza jinsi watoto wake wakiwa na mwaka mmoja walivyofundishwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Mwanamke huyo wa fimbo aliketi akapiga hesabu, akaona kwamba fimbo inazaa waongo. Mtoto anayechapwa akisema kweli na akapona akidanganya, atajifunza nini? Mtoto si mjinga.

Kuna nyingine mbili za kwake ninazozipenda. Kosa moja halikemewi mara mbili. Likishashughulikiwa halitajwi tena. Hiyo peke yake ingemaliza nusu ya ugomvi wa nyumbani kwangu. Na nyingine: msichana asifundishwe kazi za mikono kabla hajajua kusoma vizuri sana. Hiyo ni karne ya 18, akina baba. Nendeni nayo nyumbani.

Kwenye fimbo naachana naye, na siombi msamaha. Katiba yetu, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kuchapwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza kwa wanafunzi. Hata bila sheria hizo, mimi nilichapwa vizuri sana nikiwa mtoto, na ujuzi nilioupata ni kusikia nyayo za baba kwenye changarawe.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewapa Susanna wa kalenda. Alikuwa na binti, Mehetabel, wakimwita Hetty. Mwaka wa 1725 Hetty alitoroka na mwanamume aliyemwahidi ndoa. Mwanamume hakumwoa. Hetty akarudi nyumbani, akakiri. Katika nyumba hiyo ya kanuni ya kuungama, baba yake alikataa kumsamehe. Akaozwa haraka kwa fundi wa mabomba asiyelingana naye kwa lolote, akaishi maisha ya huzuni. Mwaka uliofuata John, kijana wa miaka 23, alipanda mimbari katika parokia ya baba yake akahubiri juu ya upendo kwa waliokosa. Mzee akaelewa anayesemwa ni nani, akakasirika.

Mnaona? Kanuni ilifanya kazi kwa mtoto wa miaka sita aliyevunja kikombe. Kosa lilipokuwa kubwa, la aibu, la kusemwa na majirani, baba akaisahau. Ninawauliza nikijiuliza mwenyewe: binti yangu wa miaka 14 akija kesho na habari ya kunitoa machozi, je, mlango niliomfungulia kwa vikombe utakuwa bado wazi? Kwa maana kwa vikombe tulikuwa tukifanya mazoezi tu.

Turudi kwa kijana wangu. Kuungama si kusamehewa deni. Zakayo alipomwona Bwana hakuishia kusema "nimekosa". Alisema anarudisha mara nne. Mwanangu alirudia kurasa 14 za ufahamu, mbili kila siku baada ya masomo, wenzake wakiwa nje na mpira. Hakuna aliyempigia kelele. Swali la nne alijibu mistari mitatu yote, na jibu lake lilikuwa kwamba yeye angekimbia. Nikampa tiki.

Kuhusu bidii, utaratibu na usafi sitawachosha, mnajua kazi. Charlotte Mason, yule Mwingereza aliyefungua chuo cha kufunza walezi huko Ambleside mwaka wa 1892, alisisitiza sana mazoea: unachukua zoea moja, unalisimamia majuma mpaka mtoto alifanye bila kuambiwa, ndipo unaenda kwa lingine. Ni kweli. Kwetu lilikuwa ni kufunga mlango wa banda la kuku. Lilituchukua majuma saba na kuku wawili.

Ila kuna sifa moja inayooza upesi katika nyumba za aina yetu, nayo ni unyenyekevu. Watoto wetu wanajua aya nyingi. Wanasalimia vizuri, wanaongea na watu wazima bila woga, na kanisani kila mtu anawasifu. Siku moja nilikuwa naanika nguo nikamsikia binti yangu akimwambia mtoto wa jirani, kupitia ua, "Sisi kwetu hatusemi uongo." Ilikuwa ni ile wiki ya shilingi 850. Mtoto wa jirani, Mungu ambariki, akamjibu, "Basi nipe mpira wangu uliosema umepotea."

Upendo, uvumilivu, fadhili: yote haya yanahitaji mtu mwingine, tena mtu asiye ndugu yako, anayekuudhi. Mkiwafungia watoto mnawanyima uwanja wa mazoezi. Wapelekeni kwa nyanya kijijini wakae majuma mawili bila nyinyi. Waachieni mpira wa mtaani. Sisi tuna mzee jirani asiyesikia vizuri, na kila Jumatano mmoja wa watoto anampelekea chakula na kukaa naye nusu saa. Mzee hurudia hadithi moja ile ile ya reli. Mwezi wa kwanza walipigana nani asiende. Siku hizi wanasahihishana hadithi: "Hapana, alisema treni ilichelewa Voi, si Mtito Andei." Sikubandika nyota popote.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi nimalizie kwa lile mliloniuliza wengi mlangoni: je, kitabu cha majibu sasa nakifungia?

Nilikifungia, majuma mawili. Nilikificha kwenye gunia la unga, na bila shaka walijua kiko wapi, maana kilitoka na unga. Halafu nikaona mtoto asiye na cha kuchungulia hawezi kujulikana kama ni mwaminifu. Nikakirudisha rafuni, mahali pake pa zamani, karibu na kamusi.

Juma lililopita nilikuwa namenya viazi. Kijana akaja, akasimama mahali ambapo mlango ungekuwepo kama jikoni kwangu kungekuwa na mlango. Akasema, "Mama, nimechungulia namba nane." Sikuacha kumenya. Nikamuuliza, "Namba nane tu?" Akafikiri. "Na nusu ya tisa." Nikafuta mikono, nikamtolea raba kwenye droo. Akafuta zote mbili, akafanya upya, akakosa zote mbili. Tukaketi tukazifanya pamoja mpaka viazi vikachemka.

Asanteni. Nani ana swali?